Mwenye Mbio Ndiye wa Kungoja

Masomo: Mwanzo 33:12–17, Walawi 19:14, Hesabu 20:14–21

Ujumbe huu niliuhubiri kwanza Kitengela, na Jumapili iliyofuata nikaurudia kwa ndugu zetu wa Kajiado mjini. Kwa vile wengi mmeuliza, nimeuandika hapa, pamoja na mambo mawili matatu niliyoambiwa baada ya ibada ambayo sikuwa nayo mara ya kwanza.

Fungua Biblia yako Mwanzo 33. Hadithi mnaijua. Yakobo amekaa ugenini miaka 20 akimkimbia kaka yake. Sasa anarudi na wake, watoto na mifugo, na habari inamfikia kwamba Esau anakuja kumlaki na watu 400. Usiku anashindana na malaika, anatoka na baraka, lakini pia anatoka akichechemea. Asubuhi wanakutana, wanakumbatiana, wanalia. Haleluya! Hapo ndipo sisi wahubiri hufunga kitabu. Kila mwaka tunahubiri msamaha wa Esau na Yakobo, tukifika mstari wa 11 tunaita watu madhabahuni.

Leo nataka mstari wa 12. Maana kusameheana kumekwisha, machozi yamekauka, na sasa lazima watu waondoke pale waende. Na wakianza tu kuondoka tatizo linatokea: msafara mmoja, mwendo mbili. Esau anasema twende, mimi nitatangulia. Yakobo anamjibu kwa heshima sana, anamwita bwana wangu, anamwambia unajua hawa watoto bado ni wachanga, na mifugo hii ina wanaonyonyesha. Tukiwaharakisha hata siku moja tu, watakufa wote. Wewe tangulia. Mimi nitakuja taratibu, kwa kadiri ya mwendo wa wanyama na wa watoto.

Angalia hapo. Yakobo mwenyewe anachechemea, lakini nyonga yake haitaji hata kidogo. Anayemtaja ni mtoto. Anamtaja ng'ombe mwenye ndama. Halafu mwangalie Esau, mtu ambaye huwa tunamsema vibaya kwa ajili ya lile bakuli la dengu. Ana wanaume 400 wenye miguu ya kuwinda. Hasemi, "Watoto wako wanatuchelewesha." Anasema basi nikuachie baadhi ya watu wangu wakusaidie. Yakobo akikataa, Esau anashika njia yake kwa amani. Hakuna aliyetukanwa.

(Najua wasomaji wa Biblia mtanikumbusha kwamba Yakobo aliahidi kumfuata Seiri na badala yake akakata kona akaenda Sukothi. Ni kweli, mstari wa 17 uko hapo. Yakobo alikuwa Yakobo. Lakini neno alilosema kuhusu mwendo lilikuwa neno la kweli.)

Sasa niseme kwa nini nimechukua andiko hili. Wengi mnajua, lakini ndugu wa Kajiado hawakuwa na habari yote.

Tangu mwaka jana tumekuwa tukipanda Milima ya Ngong mara mbili kwa mwezi, Jumamosi. Jambo hili lilianzishwa na kina mama. Daktari alikuwa amewaambia kadhaa wao, wenye presha na sukari, kwamba dawa bila kutembea haitoshi. Wakasema, kama ni kutembea, si tutembee tukiomba? Baadaye vijana wakajiunga, na vijana wakaja na baiskeli. Mimi nilifurahi. Kijana anayeamka alfajiri ya Jumamosi kuendesha baiskeli ni kijana ambaye Ijumaa usiku alilala nyumbani.

Kwa wasiowahi kufika: milima ile iko ndani ya kaunti yetu ya Kajiado, na kilele chake kirefu kina karibu mita 2,460. Ukisimama mgongoni, upande mmoja unaona Nairobi yote, upande wa pili Bonde la Ufa limeteremka mpaka macho yanachoka. Njia inafuata mgongo huo, panda shuka, panda shuka, zaidi ya kilomita 10 hadi Kona Baridi. Kuna mawe. Kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi. Pengine njia ni pana kama ua wa kanisa, na pengine ni nyembamba hivi kwamba wawili wakipishana mmoja anakanyaga nyasi. Na Jumamosi asubuhi wote wako humo: wageni kutoka Nairobi na mikoba yao, wanafunzi, watu wa kukimbia, watu wa baiskeli, waombaji kama sisi, na mchungaji wa Kimaasai na kondoo wake, ambaye alikuwa hapo kabla yetu sote na hajamwambia mtu aondoke.

Tena kuna upepo. Ile mitambo ya umeme unayoiona ukiwa mbali, ya kwanza ikiwa ilisimamishwa mwaka 1993, haikuwekwa pale kwa urembo. Upepo wa pale unachukua leso kichwani. Unachukua pia sauti.

Mama mmoja wa ushirika wetu, mjane, mama mboga, alikuwa anatelemka mahali pembamba akiimba. Kijana wa kwaya alikuwa anateremka nyuma yake kwa baiskeli. Kijana anasema alipiga kengele mara mbili, na mimi namwamini. Mama anasema hakusikia kitu, na mimi namwamini pia. Alipokaribia, kijana alichagua kupita kulia, na sekunde hiyohiyo mama naye akasogea kulia kukwepa jiwe. Wakaanguka wote wawili. Kijana alichubuka goti. Mama alivunjika kifundo cha mkono wa kulia. Na pale chini, kabla hajafikiri, kijana akasema, "Kwani mama husikii?"

Jumapili hiyo jioni kundi letu la WhatsApp liliwaka moto mpaka usiku wa manane. Mmoja akaandika baiskeli zipigwe marufuku kabisa. Mwingine akajibu kwamba mama alikuwa anaomba macho yamefungwa katikati ya njia, alitegemea nini? Mwingine akaona roho ya kiburi kwa vijana. Jumapili iliyofuata vijana walikaa nyuma karibu na mlango, kina mama mbele, na wakati wa salamu hakuna aliyevuka katikati. Kwaya ikaimba teno ikipwaya. Mnakumbuka. Mlidhani sijaona?

Wacha nianze na lile neno la "husikii." Walawi 19:14. Mungu anakataza mambo mawili katika mstari mmoja: kumlaani kiziwi, na kumwekea kipofu kitu cha kumkwaza. Siku nyingi nilijiuliza, kwa nini umlaani kiziwi? Hasikii, basi laana itamuumiza vipi? Lakini nadhani ndiyo maana hasa. Ni kumkasirikia mtu kwa kutosikia kitu ambacho hakuwa na njia ya kukisikia. Na mgongoni pale Ngong, wapendwa, upepo ukivuma kutoka mbele, kila aliye mbele yako ni kiziwi. Msichana wa miaka 18 ni kiziwi. Kengele yako umeipiga, sauti imechukuliwa imepelekwa Kiserian. Kwa hiyo usihesabu kwamba umekwisha kutimiza wajibu kwa sababu umepiga kengele. Wajibu unatimia aliye mbele akigeuka, mkaonana macho. Kama hajageuka, hajasikia. Kama hajasikia, ni breki.

Tufanye hesabu kidogo, vijana wa shule mnisahihishe. Mama anayetembea kilomita 5 kwa saa anasogea kama mita moja na nusu kwa sekunde. Baiskeli inayoteremka kilomita 25 kwa saa, na hiyo kwa mteremko wa Ngong si mbio, inakata karibu mita 7 kwa sekunde. Sema "haleluya" mara moja. Umeshapita mita 7. Yule mama katika haleluya hiyo amepiga hatua mbili. Nani kati ya hao wawili ana uwezo wa kubadilisha jambo? Mama hawezi kuongeza mwendo wake ukalingana na wako. Wewe unaweza kupunguza wako ukalingana na wake. Esau anaweza kutembea kama mtoto. Mtoto hawezi kutembea kama Esau. Ndiyo maana nasema mzigo wa njia uko kwa mwenye mbio. Si kwa sababu baiskeli ni dhambi. Ni kwa sababu yeye ndiye aliyepewa breki.

Na sisi watu wa Kajiado tunalijua jambo hili kuliko watu wengi. Ng'ombe wakivuka barabara ya Namanga, mnaona nini? Lori linasimama. Matatu iliyokuwa inapita kwa fujo kutoka Kitengela inasimama. Tena dereva anazima injini, anangoja ndama wa mwisho. Tuulizane ukweli: tunasimama kwa sababu ya upendo? Tunasimama kwa sababu ng'ombe atavunja gari, na mwenyewe atataka kulipwa. Mama mboga hana pembe. Mtoto wa chekechea anayetembea kando ya barabara hiyohiyo hana mtu wa kumdai fidia. Basi boda anampitia kwa sentimita mbili na kumpigia honi juu. Hapa nawatazama na wapendwa wetu wa boda boda. Mnanijua nawapenda, na mnajua ni kweli.

Lakini kina mama, msipige makofi sana. Kuna Nehemia 4:9. Watu wa Mungu walikuwa wanajenga ukuta na adui anawazunguka, wakaomba, na wakati huohuo wakaweka walinzi. Waliomba macho wazi. Mimi nimepanda pamoja nanyi, nimewaona: watu watano wameshikana mikono, wamejaza njia kutoka jabali hadi jabali, mikono juu, macho yamefungwa, kwenye mteremko! Kijana akitaka kupita apite wapi, angani? Mwingine ameziba masikio kwa simu anasikiliza mahubiri, ya mhubiri mwingine, lakini hilo nimesamehe. Shikeni kushoto, kama tunavyoendesha barabarani. Mkitaka kusimama kuomba, tokeni njiani. Mahali papana pako pengi.

Hata hivyo sitaki mtu aondoke hapa akidhani mizani imelingana kabisa. Haijalingana. Anayejaza njia anamchelewesha mwenzake. Anayekuja kwa kasi anamvunja. Hayo ni makosa ya uzito tofauti, na Mungu wa haki anapima.

Tuje kwa wale waliosema baiskeli zipigwe marufuku. Fungua Hesabu 20. Vizazi vingi vimepita. Wana wa Yakobo wametoka Misri, wamefika mpakani mwa Edomu, na Edomu ni nani? Ni wana wa Esau. Wale ndugu wawili waliolia shingoni, sasa wajukuu wa wajukuu wao wamekutana, na wamekutana juu ya nini? Njia! Musa anatuma ujumbe mzuri, anaanza kwa kujiita ndugu yako. Anaomba kupita barabara kuu tu. Hatutaingia shambani, hatutaingia katika mizabibu, hatutageuka kulia wala kushoto, na mifugo yetu ikinywa maji yako tutalipa. Ni masharti gani mazuri zaidi ya hayo? Edomu anajibu kwa upanga. Hampiti.

Israeli hawakupigana. Wakageuka, wakazunguka. Lakini soma mbele, Hesabu 21:4. Wakizunguka nchi ya Edomu, mioyo ya watu ikavunjika kwa sababu ya njia ile. Ndipo manung'uniko, ndipo nyoka wa moto. Njia iliyofungwa na ndugu iliwachosha wanawake na watoto mpaka imani ikaingia ufa. Ndiyo hofu yangu, wapendwa. Mfupa wa mama utaunga. Lakini kijana akiambiwa na kanisa kwamba njia ya maombi si yake, atapata njia nyingine, na huko hakuna atakayemwombea.

Tena inawezekana kutumia njia pamoja. Mnaofanya kazi Nairobi mmefika msitu wa Karura. Mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa pale mpaka akatokwa damu kichwani, kwa sababu alikwenda kupanda miti kwenye ardhi ambayo watu walitaka kuigawana. Leo ndani ya msitu huo mtu anatembea, mwingine anakimbia, mwingine anaendesha baiskeli kwenye njia zilizowekewa alama. Aliyevuja damu hakuuliza kwanza kama watakaofaidi watakuja kwa miguu au kwa magurudumu.

Nilipomaliza kuhubiri haya Kajiado, mzee mmoja, mfugaji, alinivuta kando. Akasema, "Mchungaji, umesema vizuri, lakini sisi ndama hatumpeleki malishoni na ng'ombe wakubwa. Tunamchunga karibu na boma mpaka miguu ikomae. Kwani mbona mnawachanganya?" Nilirudi nyumbani nikifikiri maneno yake, maana yana hekima. Hata Yakobo na Esau hawakutembea pamoja. Ibrahimu na Lutu, wachungaji wao walipogombana, walitengana, na Ibrahimu aliyekuwa mkubwa ndiye aliyemwachia mdogo achague kwanza. Kwa hiyo kutengana si lazima kuwe chuki. Kuna kutengana kwa upanga, kama Edomu, na kuna kutengana kwa mapatano, ambapo mwenye nguvu anaanza kwa kuachia. Mzee huyo ndiye aliyetupa mpango nitakaoueleza.

Lakini kwanza deni. Kutoka 21:18–19, sheria inamzungumzia mtu aliyemuumiza mwenzake na mwenzake akalala kitandani, halafu akaamka. Hafi mtu, lakini jambo halijaisha. Aliyeumiza atalipia muda uliopotea, na atahakikisha mwenzake amepona kabisa. Muda uliopotea! Sisi tunachangisha pesa za hospitali, tunapiga picha, tunasahau muda. Mama mboga ambaye hawezi kuinua gunia wiki sita, hizo wiki sita watoto wanakula nini? Bili ya hospitali kanisa limesaidia. Muda bado. Nilimwambia kijana hivyo mbele ya mzazi wake, bila kumfokea. Hakusema kitu. Nasikia tangu Jumanne iliyopita anafika sokoni kabla jua halijachomoza, na sukuma wiki za mama zinafika kibandani zimefungwa kwenye ile baiskeli. Sitaongeza neno, maana hajaomba kutangazwa.

Na mama? Nilimtembelea. Mkono uko ndani ya plasta, umeandikwa majina na wajukuu. Akaniambia, "Pasta, mfupa hauniumi sana. Nilichotaka ni aniombe msamaha kwa lile neno, si kwa baiskeli." Nikamuuliza, ameomba? Akatabasamu, akaniambia ninywe chai yangu.

Basi utaratibu wa Jumamosi ijayo ni huu, na viongozi wa vijana na wa kina mama wameukubali pamoja. Gari litaondoka langoni mwa kanisa Kitengela saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ndugu wa Kajiado mtatungoja Isinya, tutawachukua hapo tupitie Kiserian. Tukifika Ngong, wenye baiskeli wataanza kupanda mara moja, wakati sisi wengine tunafanya maombi ya kufungua, ili wapate nusu saa mbele yetu. Wakati wa kurudi ni kinyume: watembeaji wanaanza kushuka, baiskeli zinafuata nyuma, na hakuna anayempita mama yeyote kabla hajageuka akamwona. Kila mahali pembamba mwenye baiskeli anashuka anaikokota. Tukikutana na kondoo, sote tunasimama. Vijana ndio watakaobeba sanduku la huduma ya kwanza, kwa sababu wao wanaweza kufika haraka kwa aliyeanguka; mbio nazo zina kazi yake.

Nauli mlipe kwa katibu wa kina mama kufikia Alhamisi. Baiskeli isiyo na breki mbili zinazoshika itabaki Kitengela. Zitakaguliwa kabla ya kupakiwa, na anayekagua ni yule ndugu yetu fundi wa Noonkopir, ambaye hahongeki kwa soda.